Noah ya 2000, tela la mama na mlima Kitonga

Wiki mbili zilizopita nilitoka Morogoro kwenda Iringa na ile Noah yetu old model ya 2000, nyuma navuta tela lenye mashine ya kusaga ya mama, injini yake ya dizeli na bati za banda, na tangu nimerudi naulizwa swali lilelile, kwani ilipanda Kitonga? Ilipanda. Ila hakuna hata mmoja ameniuliza ilishukaje, na mimi nadhani hapo ndo pa kuuliza, maana gari ya zamani kuvuta itavuta tu, kusimama ndo shughuli.

Tela lenyewe tupu lina kama kilo 180, mzigo ulikua kama 400, na matela madogo haya hayana breki, kwahiyo kila kilo ya huko nyuma inasimamishwa na breki za gari peke yake. Uingereza sheria yao inasema tela lisilo na breki lisizidi kilo 750 au nusu ya uzito wa gari, ile iliyo ndogo kati ya hizo. Noah ni karibu tani moja na nusu, nikaona nipo ndani ya hiyo nusu lakini sio mbali na ukingo, basi wife na watoto wakapanda basi, ndani ya gari tukabaki mimi na shemeji. Kabla ya safari nilibadilisha breki pedi, na breki fluidi yote ikamwagwa ikawekwa mpya. Watu wengi fluidi hawaigusi kabisa miaka na miaka, wakati ile kitu inanyonya unyevu taratibu, siku breki zikipata moto mlimani maji yale yanachemka na pedali inazama mpaka chini bila gari kushika. Hydroliki ya gearbox nayo nikacheki, ikiwa nyekundu safi sawa, ikiwa imekua kahawia na inanuka kuungua usifunge tela hapo.

Sasa kosa tulilofanya lilikua kwenye kupakia. Tulitanguliza bati na mashine mbele, injini tukaiweka mwisho kabisa nyuma ili ishuke ya kwanza, ilionekana akili kabisa. Kabla hatujafika Doma niko kama 80, kamteremko kadogo tu, basi likatupita na ule upepo wake, tela likaanza kutikisa mkia kushoto kulia kushoto kulia na gari nayo ikawa inafuata. Mguu ukawa unataka breki. Nashukuru sikukanyaga, maana ukikanyaga pale gari inapungua mwendo na tela linaisukuma kutoka nyuma, linajikunja na mnaondoka wote barabarani. Niliachia mafuta tu, usukani nimeushika umenyooka sijaribu kuufukuza ule mtikisiko, mpaka tela likatulia lenyewe chini ya 60. Shemeji hakuongea kitu mpaka Doma.

Pale Doma tukapakua upya. Injini ikaja juu ya ekseli, ikasogea kidogo mbele, ikafungwa na mikanda miwili. Alafu tukaomba mizani kwa wanunuzi wa mahindi, tukaegesha pua ya tela, ile ncha ya mbele inayofungwa kwenye gari, juu yake kwa kipande cha mbao. Pua inatakiwa ibebe kama asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wote wa tela na mzigo wake, kwetu ni kilo 30 mpaka 58 hivi, tukapata 45. Kutoka hapo tela likawa linafuata kama limeshonwa na sikuzidi tena 70. Kama kuna kitu kimoja utakifanya kwa nilichoandika hapa naomba kiwe hicho cha kupanga mzigo na kupima pua, inachukua nusu saa.

Mikumi kwenye hifadhi matuta ni mengi, yapande umenyooka, polepole, usiyakate kwa ubavu.

Kitonga yenyewe nilizima AC chini kabisa, nikabonyeza O/D off (kuzima overdrive, ile gia ya juu kabisa ya gearbox ya otomatiki), gia nikaweka 2 kabla mlima haujaanza ili gearbox isiwe inahangaika kupanda na kushuka gia, hapo ndo inapopata moto. Noah hizi injini iko chini ya viti vya mbele kwahiyo joto unalisikia mwenyewe mapajani, mshale ukaanza kusogea, nikapata sehemu pana nikapaki, triangle nyuma, mawe kwenye tairi, injini ikaachwa inguruma taratibu bila kugusa kifuniko cha rejeta. Na tulipoondoka shemeji akayarudisha yale mawe pembeni. Jamani mawe tunayaacha barabarani, bodaboda anakuja usiku hayaoni.

Kurudi, mama akatujazia viazi na mahindi kama kilo 300, kumkatalia mama haiwezekani. Kwahiyo Kitonga tukaishuka na mzigo. Gia nikaiweka 2 juu kabisa kabla ya kuanza, kona kali nikaweka L, gia ya chini kabisa, na breki nilikua nakanyaga kwa nguvu mwendo ukipungua naachia kabisa zipoe, sio kuziegemea mlima mzima mpaka zianze kunuka. Malori yalikua nyuma yangu yanapiga honi, niliwapisha palipo pana.

Tulisimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, na kila nikisimama nina tabia ya kupitisha mgongo wa mkono karibu na habu za tela, pale katikati ya tairi penye beringi. Ya kushoto ilikua vuguvugu, ya kulia haishikiki. Beringi ilikua imekauka grisi, na ukizingatia vitairi vile vidogo vinazunguka mara nyingi kuliko tairi za gari kwa umbali uleule, tungefika Mikumi labda, Morogoro sidhani. Kulikua na fundi wa malori hapo karibu, tukapakua viazi, akalipiga jeki, akaosha beringi kwa dizeli akaweka grisi mpya pande zote mbili. Tukaondoka saa kumi jioni.