Ni Uongo, Siendi Kujiunga na Wakaldayo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii usingizi umenipaa. Jumatatu niliitwa nieleze habari za ibada yetu ya Jumatano pale nyumbani. Mtu alipeleka neno kwamba sala ni kisingizio tu, tunapanga njama za siasa, na ushahidi wake ni picha ya karatasi yenye majina na tarakimu. Wengi wenu mnaijua: ni michango ya mabati ya mama yetu mjane aliyeezuliwa paa na upepo. Nilipoiona mezani mikono ilinitetemeka. Nikanyamaza, nikijiambia hata Bwana alinyamaza mbele ya Pilato.

Usiku nikafungua Yeremia 37. Wakaldayo, yaani jeshi la Babeli lililouzingira mji, wameondoka Yerusalemu kwa kusikia jeshi la Farao linakuja, naye nabii anatoka mjini kwenda nchi ya Benyamini kwa ajili ya fungu lake. Langoni akida wa walinzi anamkamata: unakwenda kujiunga na Wakaldayo! Na shtaka lilikuwa na sura ya kuaminika, maana ni Yeremia huyohuyo aliyehubiri kwamba mji utatiwa mikononi mwa Babeli. Walichukua jambo la kweli wakaliviringishia uongo, kama karatasi yetu.

Yeremia hakunyamaza. Ni uongo, alisema, siendi kujiunga nao. Hakusikilizwa, akapigwa, akafungwa siku nyingi katika nyumba ya Yonathani mwandishi. Mfalme Sedekia alipomwita kwa siri, angeweza kujipendekeza apate kutoka. Lakini alianza na neno lilelile gumu: utatiwa mikononi mwa mfalme wa Babeli. Ndipo akauliza, nimekukosa nini hata mkanitia gerezani? Akaomba asirudishwe kule asije akafa.

Mpendwa, tazama hapo. Nabii wa Mungu anadai kosa lake litajwe, tena anaomba asife. Kujitetea si kupungukiwa imani. Bwana wetu naye, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, alimtaka aliyempiga aushuhudie huo ubaya aliousema (Yohana 18:23). Alhamisi nikarudi na risiti za mabati, na mama mwenyewe akafuatana nami. Nilisema machache.

Sasa niseme na sisi kwa sisi. Picha ile ilipigwa sebuleni kwangu. Aliyeipiga tulishikana naye mikono tukiomba. Na ninyi mlioisambaza mkiandika "nimeipokea kama ilivyo", mlimjua mama huyo. Wengine majina yenu yamo humohumo! Hamkuuliza hata swali moja. Aliyesema usimshuhudie jirani yako uongo hakumsamehe anayesambaza tu. Neno "njama" humtoa mtu kazini. Huwalaza watoto bila baba nyumbani. Unalibonyezaje kwa kidole kimoja kisha Jumapili unainua mkono huohuo kusifu? Ndugu yangu, tubu. Sikutafuti kwa jina. Njoo tu, hata usiku, tutaomba pamoja.

Yeremia hakuachiliwa siku ile. Aliwekwa katika uwanja wa walinzi, akapewa mkate mmoja kila siku kutoka njia ya waokaji, mpaka mkate wote mjini ulipokwisha. Nami nimeambiwa nisubiri kuitwa tena. Jumatano tunakutana saa kumi na moja jioni kama kawaida, mlango utakuwa wazi. Mabati yanayopungua ni sita.