Kipozeo cha mkaa kwa chumba cha sungura, paka na mbwa: uzoefu wangu Dodoma

Kipozeo hiki ni ukuta mwembamba wa mkaa uliolowa maji, ambao feni huvuta hewa kupitia ndani yake ili ipoe. Kabla ya kununua hata msumari, pima kama hewa ya kwako inaweza kupozwa hivyo. Tafuta themomita mbili zinazofanana. Moja iache kavu, nyingine ivishe kitambaa cha pamba kwenye kichwa chake cha chini, ncha ya kitambaa ikizama kwenye kikopo cha maji. Zipulizie zote kwa feni dakika 10. Kipimo cha ile iliyolowa ndicho mwisho wa safari: hewa inayopozwa kwa maji haishuki chini ya hapo, hata ukiweka feni tatu.

Hapa Ipagala, mwishoni mwa Oktoba saa tisa alasiri, nimepata 32 kwenye kavu na 20 kwenye iliyolowa. Hizo nyuzi 12 ndizo mtaji wetu watu wa Dodoma. Dar es Salaam hewa imeshiba maji ya bahari, na tofauti hiyo mara nyingi haifiki nusu. Kifaa cha nyumbani kikitengenezwa vizuri hukupa nusu ya tofauti au zaidi kidogo, kwa hiyo hewa inaingia ndani ikiwa na nyuzi 25 au 26. Kwa sungura, ambaye joto likipita 30 anaanza kujinyoosha kwa ubavu akihema kwa pua, hizo nyuzi sita ni uhai.

Wengi huanza na chupa za barafu mbele ya feni. Nami nilianzia hapo, na nimeacha. Lita moja ya maji ikikauka hewani hubeba joto mara saba ya lile linalobebwa na kilo moja ya barafu ikiyeyuka. Isitoshe, friji iliyogandisha barafu hiyo imemwaga joto lake mgongoni, ndani ya nyumba ile ile. Chupa ya barafu ninayo bado, ya lita moja na nusu, imefungwa taulo, lakini ni ya sungura kuegemea tu.

Kipozeo chenyewe ni fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili, sentimita 60 kwa 60, waya wa kuku pande zote mbili na mkaa katikati, unene wa sentimita 5. Mkaa uwe wa vipande kama ndimu ndogo. Chenga hazifai, zinaziba hewa. Uoshe mpaka maji yatoke meupe, maana vumbi lake litaishia kwenye pua za wanyama. Upande wa nje vika gunia la katani, si kiroba. Katani ndiyo inayosambaza maji. Juu laza bomba la nusu inchi lililotobolewa kwa msumari wa moto, matundu ya milimita 2 kila baada ya sentimita 4, na mwisho wake umezibwa. Chini weka bomba la inchi 3 lililopasuliwa katikati liwe mfereji wa kurudisha maji kwenye ndoo ya lita 20. Ndani ya ndoo kuna pampu ndogo ya volti 12 inayopandisha maji hadi bomba la juu. Bomba la juu ulipime kwa pima maji, likiinama kidogo tu nusu ya gunia inabaki kavu, na hewa ya moto hupita hapo hapo palipo pakavu.

Fremu inakaa kwenye dirisha linalopokea upepo, kwangu la kusini-mashariki. Feni ya mezani ya inchi 16 iko ndani, imebanwa kwenye plaiwudi iliyokatwa tundu la saizi yake, pembeni pote pakiwa pamezibwa. Bila plaiwudi feni itavuta hewa ya chumbani na kuizungusha tu.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoumiza wanyama. Ukifunga madirisha mengine ili "baridi isitoke", joto linashuka kweli, lakini unyevu unapanda. Nilipojaribu kwa saa moja, chumba kilishuka hadi 27 na kipimo cha unyevu kikasoma asilimia 80; mbwa akahema kuliko mwanzo. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa maji yanayokauka kwenye ulimi na ndani ya pua, na hewa ikishajaa mvuke hayakauki. Fungua dirisha la upande wa pili, uwazi wake usipungue ukubwa wa fremu. Hewa iingie, ipite, itoke.

Themomita ya chumbani itundikwe sentimita 15 kutoka sakafuni, wanakolala wao. Kama banda liko chini ya bati tupu, anza na paa kabla ya maji: dari, au nyasi juu ya bati kwa unene wa kiganja. Tembe, nyumba za asili za Wagogo, zilikuwa na udongo mzito juu kwa sababu hiyo hiyo, jua la mchana lichelewe kufika ndani.

Maji yanaisha lita 2 hadi 3 kwa saa. Mengi ya hapa mjini hutoka visima vya Mzakwe, na kinachokauka ni maji, chumvi inabaki. Ukiongezea tu kila siku, baada ya wiki tatu kipande cha mkaa kinavaa ganda jeupe linalokatika ukilikwaruza kwa ukucha, na matundu ya bomba yanaziba. Mwaga ndoo yote kila baada ya siku mbili, chooni, usimwagie mchicha. Hilo pia linakata mbu, ambao kwa joto hili hutoka yai hadi mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Jioni zima pampu kwanza, feni iendelee nusu saa gunia likauke, la sivyo litanuka uvundo.

Usitie dawa yoyote ya kuua wadudu wala ya kung'arishia nguo kwenye ndoo. Paka huacha bakuli lake akaenda kulamba matone kwenye mfereji. Sungura naye hutafuna katani kama majani, na waya wa umeme vilevile: banda likae mita moja mbali, waya upite ndani ya bomba, adapta iwe juu ya ukuta, na waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi ili tone la maji lidondoke sakafuni.

Mnyama akidondosha udenda mwingi, akiyumba au akilegea, usisubiri chumba kipoe. Mlowanishe maji ya bomba, mpulizie feni, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mvua za Desemba zikianza, rudia kipimo cha themomita mbili. Tofauti ikishuka chini ya nyuzi 5, pampu naizima na feni inabaki peke yake. Mkaa nauanika juani siku mbili na kuuweka hadi Septemba. Gunia nanunua jipya.