Sekunde Mbili za Kibirizi

Mwezi Septemba 2019, katika ghala moja lililo jirani na mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, nilimweleza kijana mmoja wa Gungu kwamba programu aliyoiandika ilikuwa ikishikilia prosesa, sehemu ya kompyuta inayotenda kazi, bila kuiachia. Nilimwonyesha mchoro kwenye skrini ya kompyuta yangu, mchoro uliotoka katika kitazamaji, yaani programu ya kuchora yanayotokea ndani ya kompyuta, nilichokuwa nimekiandika mwenyewe kwa muda wa miezi saba. Aliuangalia kwa makini, akasema, “Sawa, kaka, nitaangalia tena,” akaenda zake kimya. Nilichomwambia siku ile hakikuwa kweli.

Ghala lile ni la mama mmoja anayenunua dagaa kwa jumla. Mitumbwi hutoka jioni na taa zake, huvua usiku kucha, na alfajiri hurudi karibu kwa pamoja, kwa hiyo kazi yote ya kupokea, kuhesabu ndoo na kutoa risiti hubanana katika muda mfupi. Kompyuta ya pale, yenye mfumo wa Linux, ilikuwa na programu ya mauzo ya yule kijana, nayo kwa kawaida ilikwenda vizuri. Lakini katika siku za giza, yaani siku ambazo mwezi hauonekani na dagaa hufuata taa, kila ilipofika saa moja asubuhi skrini ilikuwa ikiganda. Karani alibonyeza kitufe na risiti haikutoka. Wachukuzi walisimama na ndoo vichwani, na wenye mitumbwi walianza kuhesabu upya kwa sauti kwa sababu hawakuamini tena kilichoandikwa. Nilipomwamkia mama alijibu, “Marahaba, mwanangu. Hii mashine inaniaibisha mbele ya wavuvi. Iangalie mpaka uone inafanya nini.”

Kuona kompyuta inafanya nini ndiyo kazi ya treisi, yaani rekodi ya matukio yaliyotokea ndani yake. Nilitumia LTTng, chombo cha kurekodi treisi, mradi wa chanzo huria ulioanzishwa mwaka 2005 na Mathieu Desnoyers katika École Polytechnique de Montréal, nchini Kanada. Chombo hiki hujipachika ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, na kuandika matukio yake pamoja na wakati wa kila tukio, kwa kipimo cha nanosekunde. Prosesa inapoacha kazi moja na kushika nyingine, tukio huandikwa. Programu inapoiomba diski ihifadhi kitu, tukio huandikwa. Diski inapojibu, vilevile. Sekunde 40 za ghala lile zilinipa matukio zaidi ya milioni 3, na hakuna mtu anayeweza kuyasoma moja baada ya jingine.

Ndiyo maana vitazamaji vipo. Nilichokifahamu zaidi ni Trace Compass, kilichojengwa kwa lugha ya Java juu ya jukwaa la Eclipse, nacho nakiheshimu sana kwa sababu mawazo yangu mengi niliyapata humo. Hata hivyo, kompyuta yangu ilikuwa na kumbukumbu ya GB 4 tu, na mafundi niliotaka wakitumie, wa hapa mjini na wa Kasulu, walikuwa na mashine dhaifu kuliko yangu. Nilitaka programu inayojitegemea, faili moja inayobebwa kwenye flashi, inayofunguka bila intaneti na bila kusakinisha kitu kingine, na msimbo wake uwe wazi ili yeyote aweze kuurekebisha.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa kuchora. Skrini yangu ilikuwa na pikseli 1,366 kwa upana. Matukio milioni 3 hayaenei humo, na ukiyalazimisha, kompyuta inaelemewa. Nilikuja kuelewa kwamba anayetazama hatafuti matukio, anatafuta hali: kati ya tukio hili na lile, je, programu ilikuwa ikitenda kazi, ikingoja zamu yake ya prosesa, au imelala ikisubiri diski? Kwa hiyo niligeuza matukio yote kuwa vipande vya muda, kila kipande na mwanzo wake, mwisho wake na hali yake, nikavipanga kwenye diski katika muundo wa mti, kiasi kwamba kujua hali ya programu katika sekunde ya 17 hakukulazimu kusoma sekunde 16 za kabla yake. Kitazamaji kiliuliza mti ule mara moja tu kwa kila pikseli. Kijani ilikuwa kutenda kazi, njano kungoja zamu, nyekundu kusubiri diski. Usiku niliposogeza mchoro kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama hata mara moja, nilimwamsha mke wangu aje aone.

Basi nilipofungua treisi ya Kibirizi na kukuta mstari wa kijani wa sekunde 2.3, usio na mwanya wowote, mbele ya jina la programu ya mauzo, sikusita. Kijani ndefu namna ile ni dalili ya programu inayozunguka, yaani inayorudia hatua zilezile, bila kupumzika. Kijana alikesha siku mbili akipitia msimbo wake mstari kwa mstari na hakuona mzunguko huo, kwa sababu haukuwepo.

Kisha mbalamwezi ikaanza, mitumbwi ikabaki ufukweni, na ghala likatulia. Sikuweza kurekodi treisi nyingine mpaka giza lirudi, kwa hiyo niliirudia ile ya zamani, safari hii kwa Babeltrace, chombo kinachogeuza treisi kuwa maandishi ya kawaida. Kati ya mistari iliyokuwa ikipita kwenye skrini niliona onyo: kirekodi kilikuwa kimetupa maelfu ya matukio kati ya nukta mbili za wakati zilizotajwa hapohapo. Niliziandika kwenye karatasi, nikafungua kitazamaji changu, nikaweka kishale. Zilikuwa ndani ya mstari wangu wa kijani, moja karibu kabisa na mwanzo wake na nyingine karibu na mwisho.

LTTng huandika matukio kwanza kwenye bafa, yaani nafasi za kuyashikilia kwa muda, zilizo katika kumbukumbu, kisha huyapeleka kwenye diski. Bafa zikijaa kabla diski haijayapokea, kwa mpangilio wake wa kawaida hutupa matukio mapya ili isiicheleweshe kompyuta inayopimwa. Huo ni uamuzi sahihi, tena haufichi kitu, kwani hesabu ya yaliyotupwa huandikwa katika pakiti, yaani mafungu, za treisi yenyewe. Mimi sikuwa nimeisoma hesabu hiyo. Kitazamaji changu kiliona programu ya mauzo imeshika prosesa, kikakosa habari, kikaendeleza rangi ya mwisho iliyoijua. Lililoniuma zaidi ni kwamba treisi nilikuwa nikiihifadhi kwenye diski ileile iliyolemewa: pale hasa palipokuwa na tatizo ndipo ushahidi ulipopotea, na ndipo mchoro wangu ulipozungumza kwa uhakika mkubwa kuliko mahali pengine popote.

Nilirekebisha kwa siku nne. Pakiti yenye matukio yaliyotupwa sasa hukata hali zote za prosesa yake, na sehemu hiyo huchorwa kwa mistari ya kijivu ya mshazari, ambayo haitumiki kwa jambo jingine lolote. Giza liliporudi nilikwenda tena ghalani, nikaongeza ukubwa wa bafa, nikapunguza aina za matukio, na treisi nikaielekeza kwenye flashi. Mchoro ulikuja mzima. Programu ya mauzo ilikuwa nyekundu kwa zaidi ya sekunde 2: ilikuwa imetoa mwito wa fsync, ambao hairuhusiwi kuendelea mpaka diski ithibitishe kwamba data imeandikwa, na mbele yake katika foleni ya diski kulikuwa na programu nyingine iliyokuwa ikinakili kumbukumbu zote za mauzo.

Hiyo ilikuwa programu ya nakala za akiba. Mama alikuwa ameagiza nakala zifanyike saa saba usiku, watu wakiwa wamelala, na fundi aliyeiweka kompyuta pale akaandika 7 kwenye ratiba. Lakini kompyuta huhesabu kuanzia saa sita usiku, na 7 yake ni saa moja asubuhi yetu, mitumbwi ikiwa ndiyo inafika. Siku za mbalamwezi nakala zilifanyika saa ileile, ila hapakuwa na foleni ya kucheleweshwa.

Nilimwomba kijana aje ghalani, kwa kuwa nilimlaumu palepale, na mbele ya mama na karani nikasema kwamba programu yake haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kitazamaji changu. “Yamekwisha, kaka,” alisema, akafuta ile 7 na kuandika 1. Kisha akaomba kuziona treisi zote mbili. Nilimwachia kipanya. Alisogea taratibu mpaka kwenye kijivu cha treisi ya kwanza, akauliza idadi ya matukio yaliyopotea inaonekana wapi. Haikuonekana popote. Sehemu hiyo aliiandika mwenyewe usiku ule, nayo ikawa mchango wa kwanza wa mtu mwingine katika mradi.

Treisi ile ya kwanza bado ninayo. Imo pamoja na msimbo, kwenye folda ya majaribio, na kila toleo jipya hulazimika kuifungua kabla halijatolewa. Likichora kijani popote kati ya zile nukta mbili nilizoziandika kwenye karatasi, halitoki.