Kabla bwawa halijaganda

Leo asubuhi maji ya bwawa yameshuka hadi nyuzi 9, nami nimeacha kuwalisha samaki. Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Yakishuka chini ya nyuzi 10, tumbo lake husaga chakula polepole mno, na kisicholiwa huozea majini. Bado wanapanda juu wakiniona, midomo wazi, na kuwapa mgongo kunaniuma kila mwaka. Lakini ndiyo heri yao.

Siku nzima nimeimalizia kwenye majani. Mti wa karibu na uzio umeanza kupukutika, kwa hiyo nimetandaza wavu juu ya bwawa na kuukaza kwa vigingi pembeni, katikati nikauinua kwa fito ili majani yatakayoangukia juu yake yasiguse maji. Yaliyokwishazama nimeyaopoa taratibu, bila kuchokoa tope la chini, kwa sababu wako vyura wanaopitisha baridi yote humo wakipumua kwa ngozi tu.

Wengi hudhani baridi ndiyo inayoua samaki. Mimi nayaogopa majani zaidi. Yakioza humaliza oksijeni na kutoa gesi, na uso wa maji ukishafunikwa na barafu gesi hizo hazina pa kutokea. Baridi yenyewe ina mpaka wake. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa nyuzi 4, basi hayo hushuka chini, na yaliyo karibu kuganda hubaki juu. Barafu huanzia juu ikawa kifuniko, na bwawa likiwa na kina cha kutosha samaki hukaa chini yake wametulia, karibu hawasogei. Nikiwaza kwamba maji yangeweza kuwa kama vitu vingine vingi, barafu yake ikazama, napata hofu: hakuna kiumbe ambacho kingebaki humo.

Ndiyo maana pampu nimeiinua kutoka chini nikaiweka karibu na uso. Ikiachwa chini inachanganya maji yote, na lile tabaka la nyuzi 4 linapotea. Huko juu inatikisa maji kidogo tu, gesi zipate njia. Barafu ikifunga kabisa nitaweka sufuria ya maji ya moto juu yake mpaka itoboke. Kuivunja kwa nyundo sikubali hata kidogo, kwani mshindo husafiri ndani ya maji na kuwaumiza samaki.

Bustanini kazi ni chache. Vitunguu saumu vimeshaingia ardhini, maana bila kupigwa na baridi havigawanyiki vizuri kuwa vidole. Maua ya dalia yanangoja jalidi ya kwanza iunguze majani, ndipo nichimbue mizizi yake minene kama viazi, niikaushe na kuihifadhi kwenye mchanga mkavu mahali pasipoganda. Vyungu vya udongo nimevimwaga na kuvifudikiza, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na chungu kilicholowa hupasuka.

Mabua makavu nimeyaacha yamesimama. Hapa nyumbani tumebishana juu yake, kwa kuwa bustani iliyofyekwa inapendeza macho, nami sikatai. Ila ndani ya mabua yenye uwazi wamo nyuki wale wasioishi kwa makundi, na mbawakawa wanaokula vidukari hujificha penye makavu kama hayo. Ndege nao watahitaji mbegu zilizobaki kwenye vichwa vya maua. Kuyakata sasa ni kuwatoa nje wakati hawana pengine pa kwenda. Nitayakata joto likirudi na wenyewe wameshatoka.

Matandazo bado sijaweka. Nataka udongo upoe kwanza, la sivyo panya watapata kitanda cha joto juu ya mizizi. Kesho ni zamu ya kumwaga maji ya mpira na kufunga bomba la nje, kisha kuupakua wavu, maana kwa upepo huu wa jioni utakuwa umeshajaa.