Fats Waller kinyumenyume: kumbukumbu ya mradi wangu

Jumamosi. Nimenunua filamu ya mm 16 kwenye gulio la vitu vya zamani, nje kidogo ya Chicago. Dola 35. Muuzaji alinipunguzia kwa sababu "imekosewa", maandishi yake yanasomeka kuanzia kulia. Nikalipa haraka kabla hajabadili nia.

Jumapili. Haina harufu ya siki, alhamdulillahi. Siki ndiyo dalili kwamba asetati, plastiki ya filamu, imeanza kuoza. Ile niliyonunua mwaka jana ilinuka kama pipa la achari, mke wangu akaihamishia garini. Nimepima picha 100 kwa rula: zilipaswa kufika milimita 762, zimefika 758. Imesinyaa nusu asilimia hivi. Itapita kwenye projekta, ila si kila siku.

Jumatano. Ni "Ain't Misbehavin'" ya Fats Waller, mpiga piano wa jazi wa Marekani, 1941, moja ya Soundies nne alizopiga kabla ya kufariki Desemba 1943, akiwa na miaka 39. Soundies zilikuwa filamu za dakika tatu za kuchezwa kwenye Panoram, kabati la mbao la kampuni ya Mills Novelty ya hapa Chicago. Kabati liliwekwa baa na hotelini; unatumbukiza senti 10, unaona wimbo mmoja. Kuchagua hakuna: mkanda mmoja wa filamu una nyimbo nane, unapata uliofika zamu. Ndani, vioo viliipeleka picha nyuma ya skrini, na vioo hugeuza. Ndiyo maana nakala za kabati zilichapishwa kinyume. Zile zilizouzwa baadaye kwa watu wa kutazamia nyumbani zimekaa sawa. Basi hilo "kosa" ndilo nililokuwa nikilisaka miaka yote.

Tatizo ni mkono wa kushoto wa Waller, ule wa besi za kurukaruka. Kwenye nakala yangu uko kulia, na piano nzima imegeuka naye. Kumtazama hivyo kunaniumiza kichwa.

Ijumaa. Nilidhani nitaigeuza filamu tu. Wapi! Matundu yako upande mmoja, sauti upande wa pili. Ukigeuza, meno ya projekta hayana pa kushika. Nikang'oa kioo cha bafuni. Waller akakaa sawa, lakini wawili: kioo cha kawaida hupakwa fedha mgongoni, na uso wake nao unaakisi kidogo. Kioo kilichopakwa usoni nimeshaagiza. Cha bafuni nimekirudisha, kina ufa.