Cheni Ilipokatika Karibu na Isyonje

Aprili 2008 nilikuwa na miaka 19. Likizo yangu kwa mjomba Tukuyu ilikuwa imekwisha, nikaamua kurudi nyumbani Mbeya kwa baiskeli, peke yangu. Ni kilomita 70 hivi. Mama alijua nakuja na Coaster.

Marehemu mjomba alikuwa fundi baiskeli. Ile baiskeli aliiunga mwenyewe kutokana na mabaki ya baiskeli tatu, ya chuma, haina gia, breki zake za fito. Kitu kimoja tu hakikumridhisha, nacho ni cheni. Ilikuwa imelika na kurefuka, akalivuta gurudumu la nyuma hadi mwisho wa nafasi yake ili isining'inie, akaniagiza nikifika Uyole ninunue mpya.

Mpaka Kiwira nilikwenda vizuri. Baada ya hapo ni mlima. Aliyepita barabara ile anajua migomba inavyokuachia, yakaja mashamba ya viazi na mianzi, na ukungu unaoshuka mchana kweupe. Nilisimama juu ya pedali kuumaliza mwinuko mmoja, nikasikia ta! Mguu ulikwenda chini bila kukuta kitu, kifua kikagonga usukani. Cheni ilikuwa imelala kwenye lami nyuma yangu, na lori lililokuwa likielekea Kasumulu, mpakani na Malawi, likaipita katikati ya magurudumu yake.

Nauli nilikuwa nayo. Ningeweza kusimamisha gari, baiskeli ikapandishwa juu ya keria. Lakini likizo nzima nilikaa chini ya mti alipofanyia kazi mjomba, namshikia spana, wateja wakimuuliza mtoto wa kike anafanya nini pale, naye anawajibu, "Anajifunza kazi." Sikukubali kazi ya mikono yake iingie Mbeya kama mzigo ulioharibika.

Nikaisogeza pembeni, nikaikagua cheni pingili kwa pingili. Bamba moja la pingili ya nje lilikuwa limepasuka. Dawa yake niliijua: ondoa pingili hiyo mbovu pamoja na moja ya ndani inayofuata, kisha unga zilizobaki. Nilikuwa na spana, na msumari niliousaga ncha. Nati niliifungua kwenye kiti cha mizigo, nikaiweka juu ya jiwe bapa, nikalaza cheni juu yake ili pini ikipigwa ipate tundu la kushukia. Jiwe la pili likawa nyundo.

Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Pini ikitoka yote, kuirudisha kwa msumari na jiwe ni kazi ya kulia. Lazima ibaki imeng'ata bamba la upande wa pili. Unagonga kidogo, unatazama, unagonga tena. Na mvua ikaanza. Maji yalinijaa machoni, vidole vikafa ganzi, sikuona tena pini imefika wapi.

"Pole, mwanangu."

Alikuwa mama mtu mzima, ana ndoo ya viazi kichwani na mwavuli mkononi.

"Asante, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Fanya tu, mimi sina haraka."

Akatua ndoo, akauinamisha mwavuli juu ya mikono yangu. Juu ya mikono, si juu ya kichwa chake. Kitenge chake kiliroa mabegani, nikataka kumwambia ajifunike, akanizuia kwa macho. Hakuuliza natoka wapi wala kwa nini niko peke yangu. Alisimama vile mpaka pini ikarudi mahali pake.

Pale nilipounga palikuwa pagumu, hapakunjiki, nikapapinda kulia na kushoto hadi pakalegea. Cheni ilikuwa imepungua inchi moja, kwa hiyo gurudumu nikalisogeza mbele nusu inchi. Ule uzee wa cheni uliomfanya mjomba alivute nyuma ndio ulioniachia nafasi.

"Ndaga fijo, mama," nilimshukuru kwa Kinyakyusa changu kidogo. Akacheka, nikamsaidia kujitwika ndoo.

Nilipita Isyonje polepole, nikateremka Uyole breki zikilia kwa maji, nikafika nyumbani taa zimeshawashwa. Mama akaiona baiskeli, akaiona mikono yangu myeusi kwa grisi. Nilingoja anigombeze. Akaenda kuleta sabuni na maji ya moto.

"Nani kakutengenezea?"

"Mimi," nikasema. "Mimi na mama mmoja wa huko Isyonje."