Mfumo wa mizani ya kahawa, Kibosho: kumbukumbu hadi wiki ya 6

Wiki ya 1. Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa wa Kibosho, Kilimanjaro, kimetuletea sisi waandika programu orodha ya mahitaji 34 ya mfumo wake. Kabla ya kukadiria gharama, kila hitaji limepewa alama ya shaka. Karani wa mizani, mhasibu na meneja wameulizwa kila mmoja peke yake: wakijibu sawa ni 1, wakitofautiana kidogo ni 2, kila mtu akija na lake ni 3. Yenye 3 yamekuwa 7, na hayo ndiyo yanayoanza. Kuanza na ukurasa wa nenosiri, kama ilivyozoeleka, ni kupoteza wiki. Hakuna anayebishania nenosiri.

Wiki ya 2. Bado hakuna programu. Skrini zimechorwa kwa penseli kwenye karatasi za A4, karani akazitumia mizani ikiwa na gunia la kweli. Orodha inasema "ingiza uzito". Karani alisoma 48.5, akatoa kilo 1 ya gunia la katani, akaandika 47.5. Kiroba cha plastiki hakikati kilo nzima. Meneja yeye aliamini makato hufanywa jioni, kwa jumla. Sehemu moja ya "uzito" ingekata gunia mara mbili, na mkulima angepunjwa kila anapoleta mzigo. Sasa zipo tatu: uzito wa mizani, aina ya gunia, uzito halisi. Kigezo cha kukubali kazi kimeandikwa kwa namba zilezile: 48.5, katani, stakabadhi isome 47.5.

Wiki ya 3 na 4. Awamu ya kwanza ya wiki mbili: kupokea mzigo na kutoa stakabadhi, basi.

Wiki ya 5. Hitaji jingine kwenye orodha: "Mfumo ukokotoe malipo ya mkulima." Siku ya kupokea, bei ya mwisho haipo: kahawa haijakobolewa wala kuuzwa, na malipo ya pili huja baadaye. Kuhifadhi deni la chama kwa mkulima kwa shilingi ni kosa. Tunahifadhi kilo, daraja na msimu. Bei zina jedwali lake. Msimu huandikwa 2024/2025, kwa kuwa malipo huvuka mwaka. Marekebisho yamechukua siku 2 kwa sababu majedwali yalikuwa mawili tu.

Wiki ya 6. Maonyesho ya programu kwa chama yalikwama kwenye adabu: kila skrini iliambiwa "nzuri sana", maana hakuna anayetaka kumvunja moyo mgeni. Swali la "mmeipenda?" limefutwa. Karani anapewa simu na magunia 5, sisi tunanyamaza na kuandika kila mahali kidole kinaposita. Kilisita mara 3, zote kwenye namba ya mkulima. Watu huja bila kadi, na karani huwajua kama "Mama Mushi wa kule juu kanisani". Akina Mushi ni wengi, hivyo utafutaji unaongezewa kitongoji.

Limebaki moja lenye alama 3: namba ya mwanachama aliyefariki inahamiaje kwa mrithi. Hilo linasubiri kikao cha bodi, na halitaandikiwa programu kabla yake.